Jiwe la Bibi Kwenye Ramani ya Bure

Tabora ni tambarare kiasi kwamba ukidondosha chungwa pale stesheni, litakaa palepale mpaka liote mchungwa. Nasema hivi ili ujue ni mtu wa namna gani anayeweza kukaa miaka akichora mistari ya mwinuko wa nchi kama hii. Mistari hiyo kila mmoja hupita mahali penye kimo kimoja, na kule Uluguru inasongamana kama nywele za mtoto. Kwetu unaweza kuendesha baiskeli tangu alfajiri mpaka makalio yafe ganzi usivuke hata mmoja. Ukibahatika kuuvuka, unashuka unausalimia.

Mchoraji ni mimi. Nilimaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari na mke, watoto na kibanda cha kutengeneza simu. Darasani nilikuwa mkubwa kuliko mwalimu wa jiografia, ambaye aliniamkia kwa bahati mbaya zaidi ya mara moja, nami nikaitikia marahaba ili asione aibu. Yeye ndiye aliyetundika ubaoni ramani ya mistari. Wenzangu walisinzia. Mimi nilikuwa kama mtu aliyeonyeshwa picha ya mama yake akiwa msichana.

Baadaye mradi mmoja wa nyuki ulifungasha virago ukaacha GPS ya mkononi, kidude mfano wa simu ya zamani kinachokwambia ulipo kwa kusikiliza satelaiti. Kililetwa kibandani kwangu kikiwa maiti, na aliyekileta hakurudi. Nikakifufua. Ndani mlikuwa na ramani ya dunia nzima, na katika dunia hiyo, kati ya Tabora na Bukene palikuwa na reli, basi. Kushoto weupe, kulia weupe. Mashamba ya tumbaku, visima, misikiti, makanisa, ng'ombe wa kuziba jua, sote tulikuwa tukiishi ndani ya weupe ule kama chawa kwenye shuka.

Nikaanza kuujaza. Iko ramani ya dunia kwenye mtandao ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora na kuirekebisha. Nilipita njia kwa baiskeli, kidude kikihifadhi nilikopita, kisha nikaziingiza kule: njia za ng'ombe, visima, vivuko vya mbuga vinavyojaa maji masika. Kompyuta yangu, niliyoiunga kwa viungo vya kompyuta tatu marehemu, niliipanga ifanye kazi yenyewe. Kila mwanzo wa mwezi ilichota ramani hiyo, ikaichanganya na vimo vilivyopimwa kutoka angani, ikaoka faili moja la kuingia kwenye GPS za mkononi. Nililiweka wazi kwa wote. Anayetaka achukue, bure. Walichukua wafuga nyuki, waganga wa mifugo, wanafunzi wa seminari ya Kipalapala wenye kupenda kutembea, hata wawindaji ambao hawakusema kuwa ni wawindaji.

"Wenzio wakitoka na baiskeli wanarudi na gunia la mkaa," mke wangu aliniambia. "Wewe unarudi na mstari."

"Mstari hauchafui nyumba," nikamjibu.

"Wala hauichemshi sufuria."

Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa shangazi, dada yake marehemu baba, ambaye hakujua hata kuwasha simu. Aliishi kijiji kimoja ndani ya Bukene, alikohamishiwa pamoja na wenzake enzi za vijiji vya ujamaa, akiwa binti. Kwao kwa asili ni ng'ambo ya mbuga, na sasa ni mahame. Kulibaki uzio wa minyaa uliojiotea ovyo, vigae vya vyungu, na makaburi ya ukoo. Zamani misafara ya kwenda ziwani ilipumzika pale. Babu wa babu yangu alikuwa mpagazi, na kwa hadithi za nyumbani kwetu alibeba pembe ya ndovu mpaka Bagamoyo kwa bega moja, akarudi bega la pili halina habari.

Kaburi la bibi, mama yake shangazi, halikuwa na msalaba wala saruji. Waliliwekea jiwe lake la kusagia, lililolika katikati kwa miaka ya mtama. Shangazi alinipeleka mwenyewe. Alisafisha jiwe kwa kanga yake, kisha akapima kwa hatua upande wa kulia, kama mtu anayepima kitanda.

"Hapa ndipo pangu," alisema. "Nilimwahidi. Nyie mkifiwa mnazika penye njia ya gari. Mimi mtanileta hapa."

"Tutakuleta, shangazi."

"Nani? Wewe ukishakunywa chai yako ya mjini unasahau hata jina lako. Hicho kidude kinasahau?"

"Hakisahau."

"Basi kiambie kikumbuke."

Nikabonyeza. Usiku hata haujaingia, pale kwenye weupe palikuwa na alama ya makaburi na neno mahame. Nilipomwonyesha kwenye kioo, alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema mama yake hakuwahi kufika hata Nzega, na leo yuko duniani.

Alikaa duniani mpaka mtu mmoja wa nchi ya mbali, mjazaji kama mimi ila yeye hufanya kazi hiyo kwa kuangalia picha za satelaiti akiwa kwenye kiti chake, alipomwondoa. Aliniachia ujumbe wa adabu kabisa. Aliandika kwamba ameondoa makazi na makaburi yale kwa kuwa hayaonekani kwenye picha, na akanishukuru kwa mchango wangu.

Nikamwandikia kwamba bibi yangu alizikwa, na mtu aliyezikwa haonekani, ndiyo maana ya kumzika. Akajibu kuwa anaelewa hisia zangu, ila ramani inahitaji ushahidi. Nikapiga picha ya jiwe nikamtumia. Akasema hilo ni jiwe. Tulivutana hivyo, Kiingereza changu cha masomo ya jioni kikitoka jasho, hadi mwishowe wajazaji wengine wakaingilia na alama ikarudi. Nilimsimulia mke wangu ushindi ule kana kwamba nimekomboa nchi.

Lakini kati ya kufutwa na kurudishwa mwezi uligeuka, na kompyuta yangu ikaoka kama ilivyozoea. Toleo lile likatoka likiwa na weupe mahali pa bibi. Lililofuata lilimrudisha. Kwetu, hata hivyo, mtu akishapata faili hatafuti jipya. Analinakili kwa rafiki, naye kwa rafiki, kama homa.

Shangazi ndiye aliyenipigia, kwa simu ya jirani. Alisema ng'ambo ya mbuga kunanguruma. Nilikodi pikipiki. Hakuna pikipiki iliyowahi kukimbia namna ile katika historia ya mkoa wetu, na bado nilichelewa.

Barabara mpya ilikuwa inainuliwa kwa kifusi, na kifusi hutoka mahali. Pale penye minyaa palikuwa na shimo jekundu linaloweza kumeza kanisa na mnara wake. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kilikuwa kinachota, matipa yamepanga foleni. Fomani alikuwa kijana wa makamo, mcheshi, lafudhi ya pwani tupu.

"Shikamoo kaka, karibu. Umekuja kuomba kibarua?"

"Marahaba. Wewe Mzaramo?"

"Wa Kisarawe. Na nyie wabeba mizigo mmeacha lini kubeba?"

Alikuwa mtani wangu. Msomaji wa kwetu anaelewa balaa hilo. Babu zetu walipopita kwao na mizigo walifunga utani na babu zao, na mtani hakasirikiwi. Akikutukana unacheka, akichukua kuku wako unacheka. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kuangusha treni, na sikuwa na ruhusa ya kuitumia.

"Mtani, hapa unachimba makaburi," nikamwambia.

Hakucheka. Akaivua GPS shingoni akanisogezea. "Tazama mwenyewe. Hapa hakuna kitu. Tulichagua kwa hii. Kijiji nao tuliwauliza, vijana wa ofisini wakasema ni pori."

Nikatazama. Njia za ng'ombe zilikuwa za zambarau, rangi niliyoichagua mimi kwa kuwa ndiyo ya kanga ya mke wangu. Mstari mmoja wa mwinuko, mwembamba, ulipita kando. Katikati, weupe.

"Ramani hiyo nimeichora mimi," nikasema.

Alinitazama viatu, akapanda mpaka usoni.

"Basi wewe ndiye uliyesema hakuna kitu."

Nikamrudishia kidude chake.

Sitamsingizia: alizima kijiko palepale. Lakini upande wa bibi ndio walioanza nao. Jiwe walilikuta, likawekwa pembeni kwa kuwa lingevunja meno ya mashine, na mpishi wa kambi akaliona linafaa. Nilimkuta anasagia karanga. Karanga zilikuwa zimesagika vizuri.

Nilikwenda kumchukua shangazi. Alisimama ukingoni akitafuta zile hatua zake za upande wa kulia. Chini yake palikuwa hewa.

"Udongo uko wapi?" aliuliza.

Fomani alivua kofia ngumu, akamwamkia, akaonyesha kwa kidevu. Barabarani. Ulikuwa umekwisha kumwagwa, umesambazwa kwa greda, umeshindiliwa.

Shangazi alimgeukia. "Wewe ni mtani wetu?"

"Ndiyo, mama."

"Kazi ya mtani kwenye msiba wetu unaijua?"

"Kuchimba kaburi, mama."

"Kuchimba tukishakufa. Wewe umeanza na waliokwisha kulala." Akaongeza: "Mkono wako mwepesi, mtani. Mungu akupe na macho."

Aliyasema kwa sauti ya utani kabisa, jinsi desturi inavyotaka, na yule bwana akainamisha kichwa kama aliyepigwa fimbo. Tuliondoka kwa miguu. Tulipofika kwenye barabara mpya shangazi alivua ndala zake, akazishika mkononi, akatembea peku mpaka kifusi kilipoishia. Tipa lilipiga honi nyuma yetu. Hakuliachia njia.

Jioni ile nilimwambia kwamba nitafanya marekebisho, nitaandika kila kaburi la kila mahame kuanzia Bukene hadi Igunga. Alikuwa anakoroga uji.

"Baba," alisema, "mimi mtanizika hapahapa kijijini, kando ya choo cha shule mkipenda, sina tena pangu. Ila usiniandike kwenye kidude chako. Umesikia? Niache mahali ambapo hakuna anayejua kunifuta."

Alifariki baada ya mavuno yaliyofuata. Tulimzika ukingoni mwa kijiji, kwenye mstari wa wengine, na jiwe la kusagia, tulilolirudisha kutoka kambini, tukamwekea yeye. Fomani alikuja. Alikuja na jembe lake, akachimba mwanzo mpaka mwisho akikataa kupokewa, na kama inavyompasa mtani akajilaza ndani ya kaburi akidai hatoki mpaka alipwe kuku. Siku nyingine watu wangevunjika mbavu. Siku ile tulimtazama tu, naye akatoka mwenyewe, akajikung'uta.

Sikumwandika shangazi. Ramani naendelea kuitoa, bure, kila mwanzo wa mwezi, na watu huniandikia shukrani tamu za kujaza debe. Kila mmoja huniambia haijawahi kumkosea.

Masika yalipofika, lile shimo lilijaa maji, na halijakauka tena. Ng'ombe wanakunywa, wafugaji wamefurahi. Yule bwana wa nchi ya mbali naye ameliona kwenye picha mpya. Amelichora vizuri mno, kona zote, rangi ya buluu, bila kusubiri ushahidi kwa mtu. Kisha akaniachia ujumbe wa adabu kama kawaida yake: kwa kuwa mimi ni mtu wa huko, je, bwawa hili lina jina? Kama lipo, tafadhali ongeza.

Ujumbe bado upo. Naufungua mara kwa mara nikiwa kibandani, nausoma, naufunga, naendelea na simu za watu.