Lodi Aliyeingoja Kesho Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nimeibeba katika kila mji niliohamia, na miji yenyewe ni mingi kuliko inavyomfaa mtu mwenye akili. Siku hiyo nilikuwa nimepiga magoti kwenye sebule ya nyumba moja huko Golden Valley, Marekani, namfunga kamba za viatu mzee wa Kiingereza wa miaka themanini na moja, aliponiomba jambo dogo. Nilimjibu neno moja tu. Nilidhani nimemjibu kwa adabu. Leo nimepita arobaini, na bado sijapata mahali pa kulitua neno lile.

Nilifika Minnesota kwa bahati nasibu ya viza, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na koti la kuazima. Kazi iliyotungoja watu wa aina yangu ilikuwa kutunza wazee: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwapa dawa, na kuwasikiliza. Asubuhi nilikuwa kwa mzee huyo. Ikifika saa nane mchana lazima niwe Anoka, kaskazini kabisa, kwenye nyumba ya wazee nilikofanya shifti ya pili. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na kanuni moja waliyotusomea mara tatu: usimpakie mteja katika gari lako mwenyewe. Akiumia humo, kazi huna.

Mzee wangu alikuwa lodi, mtu wa cheo cha kurithi huko Uingereza. Alirithi jina na kiti cha baba yake katika Baraza la Malodi, lile la bunge lao, akakaa humo miaka zaidi ya thelathini. Siku za kazi alihutubia wenzake juu ya usalama wa barabarani, na Jumapili aliendesha magari ya mashindano kama mtu anayekimbizwa na nyuki. Alipolisimulia hilo alicheka mwenyewe. Mkewe alipofariki akaja kuishi kwa binti yake, aliyeolewa na Mmarekani. Miguu ilikuwa imemwishia, anatembelea kigari cha kushikilia, lakini masikio yalikuwa ya dereva. Nikiegesha tu nje, ananiambia, "Bering ya gurudumu la mbele kushoto inalia." Na kweli inalia.

Siku ya kwanza alinikataza kumwita Bwana Lodi. Basi nikamwita Mzee. Akauliza, "Hicho ni cheo?"

"Ni cheo, ila hakirithiwi," nikamwambia. "Unakipata kwa kutokufa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi ndicho cheo pekee nilichowahi kukifanyia kazi."

Tulipendana, mwanangu. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea, usije ukafikiri nilimfanyia niliyomfanyia kwa chuki.

Asubuhi ile ya Oktoba aliniambia habari ambayo hata binti yake hakuijua. Zamani alikuwa na fundi aitwaye Len, mtoto wa mvunja mawe, aliyelijua gari lake kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Kabla ya mashindano fulani Len alimwambia, "Breki hazijakaa sawa. Nipe saa moja." Yeye akakataa, kwa sababu wakubwa wa chama chake cha siasa walikuwa wamekaa jukwaani na waandishi wameshatoa kamera. Kwenye kona ya pili gari liliacha njia, likamgonga mshika bendera, likamkata mguu. Kukawa na uchunguzi. Lodi akaulizwa kama fundi alimwonya. Akasema, "Hapana, hakuniambia kitu."

"Neno langu na neno lake," akaniambia. "Unadhani waliliamini la nani?"

Len hakupata tena kazi kwenye magari ya mashindano. Akahamia Marekani na mkewe. Lodi akabaki na kiti chake, akashindana miaka miwili zaidi, akapewa vikombe. Mwenye kovu usidhani kapoa, mwanangu, wala mwenye kombe usidhani kalala. Miaka arobaini baadaye, jamaa mmoja akamwandikia kwamba Len anaishi na mwanawe huko Apple Valley, ng'ambo ya Mto Minnesota. Ndiyo maana, kati ya watoto wake watatu, alichagua kuja kwa huyu.

"Sitaki kumpigia simu," akasema. "Jambo kama hili husemwa macho kwa macho. Nipeleke, Shabani. Nitamwambia binti yangu tukisharudi. Sasa hivi bado anaamini kosa lilikuwa la Len."

Nilikuwa bado nimeshika kamba za kiatu. Niliikumbuka kanuni ya kampuni. Niliikumbuka Anoka. Jibu langu lilikuwa hapana, na nililijua palepale. Lakini mimi ni mtoto wa Kondoa. Nimelelewa kwamba mkubwa hakataliwi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mkubwa akikuomba usiloliweza, unainamisha kichwa na kusema kesho, Mungu akipenda. Naye akiwa wa kwetu anaelewa, anaachana nalo, na hakuna aliyeaibika.

"Kesho, Mzee," nikasema. "Mungu akipenda."

Kesho yake nilimkuta amekaa kwenye kiti karibu na mlango. Alikuwa amevaa tai, koti zito, na kofia juu ya goti. Kazi ya kumvalisha ilikuwa yangu, na mikono yake ilitetemeka. Vile vifungo lazima alianza navyo alfajiri. Nikamwambia gari lina hitilafu. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Ile bering," akasema. Nikamvua koti.

Ungedhani ningesema kweli siku ya pili. Sikusema. Ikawa barabara zinateleza, ikawa nina mafua, ikawa wiki ijayo, ikawa baada ya Krismasi. Kila nilipotoa kesho, yeye aliichukua kama neno la mtu, akaivalia tai. Hakuwahi kunikaripia. Alikuwa ametoka mahali ambapo mtu akitaka kukataa hukataa, tena kwa sauti na mbele ya watu, kwa hiyo hakujua kwamba nilikuwa nikimkataa kila asubuhi.

Nilimweleza Otieno, Mkenya niliyekaa naye chumba kimoja, naye alikuwa kwenye kazi hiihii. Alikuwa anakaanga mayai.

"Buda, si umwambie tu ni zii?" akasema. Zii kwao ni hapana.

"Mtu mzima yule, Otieno. Namwambiaje?"

"Unafungua mdomo. Shida yenu watu wa Bongo ni heshima mingi. Sisi unaambia mtu no, anakasirika, anakula, anasahau. Wewe unampea kesho kama peremende."

"Nyinyi hamna malezi."

"Sawa, malezi hatuna," akasema, akigeuza yai. "Lakini kwangu hakuna mzee amekaa kwa mlango amevaa koti."

Nilicheka, kwa sababu alikuwa ananichekesha kila siku. Kisha nikaenda kazini nikasema kesho.

Mwezi Machi theluji ilianza kuyeyuka kandokando ya barabara, ikaacha matope meusi. Asubuhi moja walinipigia simu kutoka Anoka kwamba shifti yangu amepewa mwingine. Siku nzima ikawa wazi. Nilipofungua mlango nikamwona pale kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza tai ilikuwa imefungwa vibaya, imekaa upande, na hakuwa amegundua. Nikashindwa kuvumilia, hata kanuni ya kampuni nikaisahau.

"Mzee," nikasema, "leo."

Njiani alikuwa kama kijana. Alinilaumu kwa kukanyaga breki katikati ya kona. "Punguza kabla, kisha liache gari liende. Ukikanyaga ndani ya kona umeshachelewa." Tulipovuka daraja la mto akanyamaza, nikaona midomo inacheza. Alikuwa anayafanyia mazoezi maneno yake, mtu aliyehutubia bunge miaka thelathini. Mara moja akasema kwa sauti, "Len, ulinionya." Akatikisa kichwa, akajaribu tena kwa sauti ndogo zaidi.

Nyumba ilikuwa na ngazi tatu. Nilimpandisha moja moja. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, mkwe wa Len, amevaa sare za kazini na funguo mkononi. Mzee akavua kofia, akamwuliza kama Len yupo.

Yule mama alitutazama, kwanza Mzee kisha mimi. "Pole sana," akasema. "Tulimzika Jumamosi iliyopita."

Mzee hakusogea. Niliusikia uzito wake wote ukija kwenye mkono wangu.

"Ulimfahamu wapi?" mama akauliza, kwa upole.

"Uingereza. Nilikuwa dereva wake."

"Dereva?" Alishangaa kweli. "Wa gari gani?"

"La mashindano. Alilitengeneza yeye."

"Baba mkwe? Hakuwahi kututajia mashindano hata siku moja. Hapa alikuwa anatengeneza mashine za kukatia majani."

Ndipo nilipomwona mzee akifungua mdomo kusema lile alilokuja kusema, akaufunga. Amwambie nani? Mtu aliyedhulumiwa alikuwa ameinyamazia dhuluma yake miaka arobaini, hata wanawe hawakujua kwamba kuna kitu cha kuombewa msamaha. Kumwambia mama huyu, aliyesimama na funguo akichelewa kazini, kungekuwa kumpa msiba wa pili ili Mzee apate nafuu. Akamshukuru. Akampa pole. Akavaa kofia.

Garini tulikaa bila kuwasha injini. Nilisema pole mara nyingi, nafikiri. Hatimaye akaniuliza, bila hasira, "Shabani, uliwahi kukusudia kunileta?"

"Hapana, Mzee."

"Tangu Oktoba?"

"Tangu Oktoba. Kwetu mkubwa hakataliwi."

Alitazama mbele, kwenye kioo chenye matope. "Nimekataliwa na watu hodari kuliko wewe, na nikarudi nyumbani nikala vizuri. Ungeniambia hapana Oktoba, ningeita teksi Oktoba. Ningemwomba hata dereva wa teksi anishike kwenye zile ngazi. Hapana yako ingeniacha huru. Kesho yako ilinifunga kwenye kiti."

Nikawasha injini. Kisha akasema neno ambalo nalirudia kila mahali. "Usiuchukue mzigo wote. Mimi nilichelewa miaka arobaini, wewe ulinichelewesha miezi mitano. Chukua wako tu. Lakini uchukue."

Siku hiyohiyo, usiku ulipoingia, nilinunua kadi ya simu nikampigia baba; huko Kondoa ilikuwa alfajiri, anajiandaa kwa sala. Miaka mitatu nilikuwa nikimwambia mwakani nakuja. Nikamwambia, "Baba, siji mwakani. Sijui nitakuja lini." Nilimsikia akivuta kiti. Kisha akasema, "Ungesema mapema, mwanangu. Chumba chako nimekifunga kwa kufuli nikikungoja. Mdogo wako na mkewe wamepanga kwa watu, na mtoto wao kazaliwa huko." Majuto ni mjukuu, wanasema, na yule mtoto wa mdogo wangu alikuwa mjukuu kwelikweli, kazaliwa chini ya paa la watu kwa sababu ya adabu yangu.

Mzee hakuvaa tai tena. Nilimkuta kila asubuhi kitandani, uso ukutani. Aliendelea kunishukuru kwa chai, kwa dawa, kwa kila kitu, ila hakuniomba tena jambo lolote, hata dirisha lifunguliwe. Kwa binti yake hakusema chochote. Mwezi Juni akafa. Binti alinionyesha gazeti la kwao: picha ya gari, picha ya bunge, sifa za ujasiri wake. Len hakuwamo. Nilitaka kumwambia binti yule, mbele ya gazeti lile. Nikaona ndiyo kwanza amempoteza baba. Nikajiambia nitamwambia siku nyingine. Unaona? Hata baada ya yote yale. Sijamwambia mpaka leo, na sijui yuko wapi.

Mwezi uliofuata nikahama. Nimeishi mashariki na magharibi ya nchi ile, nimeishi Maskati, nimerudi, nimeondoka tena. Nikikaa mahali watu wakaanza kunizoea na kuniomba mambo, miguu inaniwasha.

Mwanangu, ninyi mnaokwenda kutunza wazee wa watu na mlioacha wa kwenu nyumbani, nawasihi hivi. Mkubwa akikuomba usiloliweza, piga goti kama ulivyofundishwa, mshike mkono, mtazame usoni, kisha mwambie hapana. Heshima ikae kwenye goti na kwenye sauti. Isikae kwenye uongo. Atanuna, na mnuno wake utakuuma jioni moja. Ngoja ngoja yako itamuumiza yeye siku zote alizobakiza, na hujui amebakiza ngapi. Na kama wewe ndiwe uliyemdhulumu mtu, usingoje wa kukupeleka. Tambaa. Mimi sina njia ya kurudi kwenye zile ngazi tatu, wala sikudanganyi kwamba maumivu yanapungua.

Nenda salama. Mungu akuwekee wazee watakaokuomba mambo bila woga, akupe moyo wa kuwajibu kweli wakiwa bado wanasikia, na asikufanye kamwe kuwa sababu ya mtu kuchelewa kuomba msamaha. Amina.