Mirunda Kwenye Gereji ya Mzee Gaudensi

Usiniambie habari za homa wala pombe. Siku ile nilikuwa mzima, nimekunywa chai tu, na haya niliyaona kwa macho haya haya hapa Mbinga mjini. Asiyetaka kuamini aende akaitazame pikapu inavyoozea mvuani, nje ya gereji nzuri kabisa.

Mwenye gereji ni Mzee Gaudensi, mnunuzi wa kahawa. Ndiye aliyemuua kaka yangu Osmundi. Hakuna mwingine aliyesema hivyo, nasema mimi. Kaka alikuwa fundi wake kwenye ujenzi wa ghala. Linta, ile boriti ya zege ya juu ya mlango, ilikuwa na siku nne tu tangu imwagwe, mzee akaagiza mirunda itolewe, ile miti ya kuishikilia kwa chini, eti inahitajika kwenye nyumba nyingine. Kaka akakataa. Akatishiwa kufukuzwa, akaitoa. Zege likamwangukia. Tulimzika Kitura, na mzee hata msibani hakukanyaga.

Sasa aliponiita nimjengee uwazi wa mlango wa gereji, unafikiri nilikubali kwa nini? Nilimwamkia "Shikamoo, mzee" kwa adabu zote. Mlango wa chuma ulikuwa futi tisa, uwazi nikauacha mpana zaidi kidogo ili fremu ikae. Hapo sikudanganya. Udanganyifu niliupanga juu. Linta inatakiwa iingie ukutani karibu futi moja kila upande; mimi nilipanga vidole vinne upande wa kulia, na nondo moja badala ya nne. Nilitaka afe kama kaka alivyokufa. Siwezi kukuficha.

Asubuhi ya kumwaga zege kulikuwa na ukungu ule wa Juni, humwoni mtu wa hatua tano. Nilifika peke yangu, nikakuta mtu anasimamisha mirunda, amenipa mgongo, vumbi la saruji mpaka kwenye nywele. Nikadhani kibarua. Akalamba penseli, akachora msalaba kwenye mrunda, akaichomeka penseli nyuma ya sikio la kushoto. Niamini, fundi wa namna hiyo nilimjua mmoja tu. Kaka Osmundi.

"Mdogo wangu," akasema bila kugeuka, "mlango huu asubuhi atakuwa anaufungua nani?"

Jibu nilikuwa nalo siku zote, ila hasira haikuniacha nilitazame. Ni Benedikta, mjane wa kaka, shemeji yangu, aliyekuwa akipika na kufagia kwa mzee yule yule kwa sababu sisi ndugu wa mume tulishindwa kumtunza. Niliona aibu mpaka nikatamani kukimbia.

"Weka nondo zote," akasema. "Mzee niachie mimi."

Vibarua walipofika hakuwepo, lakini mirunda ilikuwa imesimama. Nikaweka nondo zote, nikaingiza linta futi nzima pande zote mbili, nikaiacha wiki tatu. Kisha nikaitoa mirunda kwa mikono yangu, Benedikta akiwa anatazama.

Siku ya kuingiza ile pikapu, mzee akafunga breki mlangoni. "Fundi, mbona hujaondoa mirunda yako?" Benedikta akanitazama. Pale mlangoni hapakuwa na hata kijiti! Lakini mzee anaiona kila siku, tena akinyoosha mkono anaigusa. Ameleta vibarua waitoe. Wanapapasa hewa, wanacheka, wanaondoka. Amekonda. Juzi alinifuata nyumbani, akaniomba nikaitoe huku analia.

Unajua nilimjibu nini? "Linta siku zake bado, mzee." Na usiku huo nililala usingizi mtamu kweli.

Ila jana nilipita pale kumsalimia shemeji. Upande wa kulia, pale pale nilipopanga vidole vinne, nikauona mrunda mmoja, una msalaba wa penseli. Nikamwuliza Benedikta. Akasema haoni kitu.

Kwa hiyo wewe uliyekasirika kama mimi, kabla hujapunguza nondo, uliza kwanza ni nani atakayepita chini yake. Mimi wangu ni mrunda mmoja tu, na sijui nimwombe nani aje kunitolea.