Gauni la Kulalia la Bi Eula

Verlene Stubblefield ni jirani yangu hapa Alabama, mpishi wa shule, na kwa usafi mwanamke huyu amezidi. Ukiingia kwake na viatu vya matope utasemwa mpaka ukome. Ndivyo alivyolelewa na mama yake, Bi Eula, ambaye hakutoka nje na nguo chafu hata mara moja.

Bi Eula alipopooza, Verlene alimpeleka kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kila Jumapili akitoka kanisani alimpelekea mkate wa mahindi, akamchana nywele, akampaka rangi ya mdomo, akampiga picha, blanketi limefika kidevuni. Hakulifunua, maana Bi Eula angeona haya. Kumbe huko chini mgongo ulikuwa umeoza! Walimlaza bila kumgeuza, vidonda vikachimba mpaka mfupani. Verlene alikuja kuambiwa hospitalini, walikomkimbiza mama akiwa katika pumzi za mwisho.

Nilimwambia, "Shoga, washtaki hao washenzi!" Naye hakuwa anatafuta hela. Alitaka wasimame mbele ya hakimu waseme walichomfanyia mama yake.

Wakili wake akamtuma Curtis Tidwell, nesi mstaafu anayekusanya ushahidi wa kesi kama hizi. Tulikaa jikoni kwa Verlene. Curtis akazitazama zile picha, akashusha pumzi.

"Mama, kila picha Bi Eula anatabasamu. Wale wa nyumba ya wazee wanadai vidonda alivipatia hospitalini, na hospitali haikuandika kitu siku alipopokelewa. Wakiziona hizi watachekelea."

"Ulitaka nimpige picha mama yangu uchi?"

"Usinikasirikie. Hukurudishiwa kitu chake? Shuka, nguo?"

Verlene akainuka. "Gauni la kulalia! Alitolewa nalo kule kwa wazee. Hospitali walimvua palepale mlangoni, wakanipa ndani ya mfuko."

"Ulikuwepo wakimvua?"

"Si mimi niliyeupokea huo mfuko? Ngoja nikuletee."

Akaenda chumbani mbio. Curtis akanigeukia, macho yanang'aa. "Hilo litakuwa na damu na usaha mgongo mzima. Hakuna wakili wa kulibishia."

Jamani, nilifurahi! Nilitaka kumkumbatia yule mzee.

Verlene akarudi amelibeba kwa mikono miwili. Lilikuwa limekunjwa vizuri, limepigwa pasi, linanukia sabuni. Akalilaza mezani taratibu, kama anayelaza mtoto.

Curtis akalikunjua, akaligeuza mgongo, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Umelifua?"

"Sasa je! Nililoweka, nikalisugua kwa mikono yangu, lile doa likagoma, nikarudia tena na tena. Ungetaka nimlete mama yangu mbele za watu akiwa mchafu?"

Mimi niliangalia sakafu, kwa sababu nilihisi nikimtazama nitaangua kilio. Nikasikia kiti kikivutwa. Verlene alikuwa amekaa, amelichukua gauni, analipekua mshono kwa mshono.

"Pengine doa limebaki kidogo," alisema. "Curtis, baba, hebu tazama tena. Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Tukainama wote watatu tukatafuta. Lilikuwa jeupe.