Barua za Ujiji Zilizofungiwa Kasongo

Kasongo, 1942. Umande haujakauka, na fundi Asani Mrisho tayari anashona kaptura ya askari barazani pa duka, mguu ukisukuma cherehani bila kupumzika.

"Hii ya thelathini na mbili tangu Jumatatu," anasema bila kuinua kichwa. "Kaptura wanaziharakisha. Barua zangu hawakuziharakisha."

Asani, mwenye miaka arobaini na sita, alizaliwa Ujiji, nchi jirani, ng'ambo ya ziwa. Amekaa Kasongo miaka kumi na tisa, na kila mwaka karatasi yake hugongwa muhuri wa mgeni.

Vita vilipozuka Ulaya, aliona havimhusu. "Nilisema, vita iko yao, mimi niko na sindano yangu."

Kisha ikatoka amri: barua zote za kutoka nje zisomwe kwanza katika ofisi ya serikali. Mama yake, Bi Mwamvua, hajui kuandika. Mwalimu wa chuo cha Kurani humwandikia kwa herufi za Kiarabu, ingawa maneno ni Kiswahili kitupu. Ofisini hakuna aliyejua kuzisoma, barua zikafungiwa, na kutojua kwao kukawa kosa la Asani.

Mara sita alikwenda kuuliza. Mara sita karani Octave alimjibu vilevile.

"Fundi, bwana mzungu wa ofisi anasema haya maandiko hayajui. Tungoje mufasiri."

"Mufasiri atoke wapi? Mwalimu Kasimu iko hapa nyuma ya soko. Amwite, asome mbele yake."

"Amekataa. Anasema mutafichiana maneno."

Ikapita miezi saba. Mwezi wa Mei, Aziza, mwanamke wa Ujiji anayeleta dagaa kwa njia ya Kabambare, alifika barazani akamshika mkono.

"Pole na msiba, kaka."

"Msiba wa nani?"

Aziza akatua kapu lake, akaketi chini. Ndipo Asani alipojua kwamba mama yake alizikwa tangu Desemba.

Aliacha nguo chini ya sindano, akaenda kuketi mlangoni pa ofisi. Walimfukuza, hakuondoka. Alasiri Octave akamtolea barua tatu. Ya kwanza: mama anaumwa kifua. Ya pili: njoo, anakutaja. Ya tatu ilikuwa tanzia.

"Sisemi wamemuua," anasema, na sasa cherehani imesimama. "Lakini alilala majuma sita akiuliza, Asani amejibu nini? Amekufa akijua nimemtupa. Nani atanifutia hilo? Ninavalisha askari wao, halafu mimi ndiye wa kuogopwa?"

Amemwambia mwenye duka kwamba akimaliza furushi hili hatagusa kaki tena. Anataka kupita Kabambare hadi ziwani, avuke, akasome hitima kaburini. Mgeni hasafiri bila ruhusa, kwa hiyo jana alipeleka ombi ofisini.

"Nimeliandika kwa mkono wangu, kwa herufi zilezile," anasema. "Wakitaka kujua naomba nini, wamwite Kasimu."