Mdudu mmoja kwenye picha yangu ya alizeti alivyotaka kuchomesha shamba la mwenyeji wangu, Ilongero

Wakuu, kwema humu?

Hiki kisa nimekikalia muda mrefu. Sina picha ya kuambatanisha, mkifika mbele mtaelewa kwa nini. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, sijaongeza chumvi.

Ilikuwa ile miaka soko limeshafunguliwa, kila mwenye lori na mizani ni mnunuzi wa alizeti, na mitumba imejaa kila kona. Kwenye mitumba ya Singida mjini ndiko nilikopata kamera ya dijitali. Muuzaji alikuwa anaiuza pamoja na viatu vya mpira. Viatu vilinibana, kamera ikanikaa.

Nilikuwa naishi Mwankoko kwa rafiki. Asubuhi moja niliamka, nikafunga begi, nikatoka. Akaniuliza naenda wapi, nikamwambia nikifika nitajua.

Hakushangaa. Hata shule niliacha hivyo hivyo, darasa la sita.

Lori la kwanza kusimama lilikuwa linaenda Ilongero. Basi na mimi nikawa naenda Ilongero.

Nilishuka, nikaomba maji kwenye nyumba moja. Mwenye nyumba aliitwa Mama Hadija. Nyumba yake nusu ilikuwa bati, nusu nyasi. Alinipa maji, akaniuliza kwetu ni wapi, akaniuliza ninaenda kwa nani. Nilipojibu kwamba siendi kwa mtu, akanionyesha chumba cha upande wa nyasi.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na shamba la alizeti, limechanua lote. Mavuno ya lile shamba ndiyo yalikuwa bati za nusu iliyobaki. Aliniambia siku ile ile, kama mtu anayekutajia jina la mwanawe.

Sasa niwaeleze ninachofanya na kamera, maana bila hilo hamtanielewa.

Ua la alizeti siyo ua moja. Ni vijiua vingi vidogo vimebanana kwenye sahani moja. Kila kijiua kina kijiti katikati, na ncha ya kijiti hupasuka pande mbili zikajikunja kama pembe za kondoo dume. Kwa macho huoni kitu. Mimi nilitaka kuona.

Lenzi niliigeuza nyuma mbele, nikaibana kwa pete niliyokata kwenye kopo. Ikawa inakuza sana. Tatizo ni kwamba ukikuza kiasi hicho, sehemu inayotoka safi ni nyembamba kama unywele. Ncha ikionekana, shina ni ukungu.

Dawa yake inaitwa focus stacking. Unapiga picha, unasogeza kamera mbele kidogo sana, unapiga tena, unasogeza tena. Halafu programu ya kompyuta inachukua kile kipande safi cha kila picha na kuviunganisha kuwa picha moja. Ni kama mkate uliokatwa vipande, ukaurudisha mzima.

Kifaa cha kusogezea nilikitengeneza kwa kibao cha mninga na skrubu ndefu; ukiizungusha kidogo, kamera inasogea.

Upepo wa Singida mnaujua. Shambani ua halitulii hata kidogo. Nikaomba kukata ua moja, nikaliweka mezani ndani, karibu na dirisha. Kwa ukuzaji ule hata mtu akikanyaga sakafu picha inatikisika, kwa hiyo nikaomba watu wa nyumbani wasitembee.

"Tusitembee?" Mama Hadija akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Kwa sababu ua linapigwa picha?"

"Ndiyo, mama."

Akakaa. Akaniangalia asubuhi nzima. Yule mama alikuwa na heshima sana kwa wageni.

Pale senta kulikuwa na steshenari ya Dada Zai, yenye kompyuta na jenereta. Programu nilikuwa nayo kwenye flashi. Tukaunganisha picha, na kadi ya kamera ilikuwa ndogo, kwa hiyo nikafuta zile za mwanzo nikabaki na iliyounganishwa.

Picha ilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Pembe za kondoo zimesimama, unga wa njano punje kwa punje.

Na wadudu. Kijiti kizima, kutoka juu mpaka chini, msururu wa wadudu weusi.

Mimi sikuwaona wakati napiga. Dada Zai alisema ndiyo uzuri wa kukuza. Akaiprinti kubwa, akaibandika mlangoni pa duka, chini akaandika: ALIZETI YA MAMA HADIJA. Alikuwa anatangaza printa.

Kesho yake akaja jirani, Mzee Ntandu. Shamba lake na la Mama Hadija vinatenganishwa na njia ya mbuzi. Hakuja peke yake, alikuja na wanaume wa mashamba ya jirani. Picha ameibandua, anayo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiyo wewe mwenye kioo?"

Nikakubali.

Akamgeukia Mama Hadija. "Mama Hadija, ugonjwa umeingia. Hili shamba ling'olewe, lichomwe. Wenye malori wakisikia, hakuna atakayekata kona kuja huku. Tutakula alizeti wenyewe?"

"Ng'oa la kwako basi."

"La kwangu halina wadudu."

"La kwako halijapigwa picha!"

Wale wanaume wakacheka. Mzee Ntandu hakucheka. Akasema kitu kwa Kinyaturu, Mama Hadija akamjibu kwa Kinyaturu, na sauti ilikuwa siyo ya mchezo. Halafu mama akanitazama mimi.

Picha niliyopiga mwenyewe ilikuwa inasema shamba limeoza. Zile za mwanzo nimefuta. Na nilikuwa nalala upande wa nyasi.

Mmoja wa wale wanaume akauliza, wadudu wenyewe wako wangapi, isije ikawa tunachoma shamba kwa wadudu wawili watatu. Mzee Ntandu akasema atahesabu.

Yule mzee amefuga ng'ombe maisha yake yote. Anahesabu anavyohesabu kundi likiingia zizini: hataji namba, anamwangalia kila mmoja alivyo, kisha anahama. Akaweka kidole kwenye picha.

Akahama. Akahama.

Akarudi juu.

"Huyu nimeshamhesabu," akasema.

Akashuka. "Na huyu nimeshamhesabu."

Akaisogeza picha karibu na macho.

"Huyu hana mguu wa nyuma wa kushoto. Huyu naye hana. Huyu hana." Akainua macho akaniangalia vibaya. "Kijana, huyu ni mmoja."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mdudu alikuwa anashuka kwenye kijiti kwa mwendo wa skrubu yangu. Kila nilipopiga alikuwa hatua moja mbele, na yuko safi. Programu ikamchukua kila mahali, ikawaweka wote pamoja.

Nilieleza hivyo. Sidhani kama kuna aliyenisikiliza. Walikuwa wanagombania picha, kila mtu anatafuta mguu.

Mzee Ntandu akatoa hukumu: "Shamba halina ugonjwa. Lina kilema mmoja." Akaondoka na watu wake. Kuomba radhi hakuomba, ila njiani alimrudisha mbuzi wake aliyekuwa anakula alizeti ya Mama Hadija.

Mama akaichana picha, akawashia jiko. Ya kwenye kadi nikaifuta mwenyewe.

Halafu akaniambia kwa upole, "Mwanangu, na Mgori nako kuna maua."

Kesho yake nikaenda Mgori. Sikuwa na mwenyeji, ila habari ilishatangulia. Nikasimama kwenye nyumba yenye wazee wawili barazani, nikatoa shikamoo, nikaomba pa kulala.

"Ndiyo wewe," akauliza mzee wa nyumba, "unayemfanya mdudu mmoja kuwa kundi?"

"Ndiyo, mzee."

Akafikiri.

"Na ng'ombe unaweza?"

Nikasema hapana, ng'ombe siwezi. Akasikitika kidogo, lakini chumba alinipa.

Nilichojifunza: picha za mwanzo usifute mpaka umeondoka kijijini. Na ua lipulize kwanza.

Msimu uliofuata nilipita Ilongero. Nyumba ya Mama Hadija ni bati tupu. Kamera niliiacha kwenye begi.

Wenye ujuzi wa hizi picha, wadudu wanaotembea mnawazuiaje? Na waliowahi kumtia mwenyeji matatani kwa nia njema, njooni hapa chini, nisiwe peke yangu.