Karai la Karatasi

Tarehe kumi na tisa Januari nilifiwa na mume wangu. Mkahawa wa Kichina aliokuwa akipikia kule Saint Paul, Marekani, ulikuwa umefungwa miezi michache kabla yake, na theluji ya mwaka ule haijaisha kuyeyuka, jengo likawa duka la simu. Kwa hiyo nilimpoteza yeye, nikapoteza na mahali ambapo ningeweza kumwonyesha mtu kwa kidole nikamwambia, hapa ndipo alipofanya kazi.

Alikuwa mtu wa Mombasa, mwembamba, msemaji. Alianza kwa kuosha vyombo. Mwenye mkahawa, mzee wa Kichina, akaona wepesi wa mikono yake, akamhamishia kwenye karai. Nyama ya nguruwe ilipikwa na mwenzake, kwa karai la pembeni. Mzee ndiye aliyepanga hivyo bila kuombwa. Mzee alitangulia kufa, mkahawa ukafuata, kisha mume wangu.

Nilikaa eda kama nilivyoweza katika nchi ambayo kazi haimngoji mtu. Mimi ni wa kufua na kupiga pasi mashuka, katika nyumba ya wazee huko Golden Valley. Shule niliishia darasa la saba. Nayasema haya ili ieleweke kwamba mjukuu wa yule mzee aliponijia, nikaambiwa ni msanii, nilidhani anaimba.

"Siimbi, Anti," akacheka. "Natengeneza vitu."

Alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, na nywele amezikata kama mwanamume. Alinieleza kwamba kwao, mtu akifa, jamaa zake humtengenezea vitu vya karatasi, nyumba, viatu, hata gari, kisha huvichoma ili vimfikie huko aliko. Yeye alikuwa anajenga mtaa mzima kwa karatasi. Katika miji hii yetu miwili, Saint Paul na Minneapolis, hakuna mtaa wa Wachina wenye lango jekundu la kupigia picha. Kuna mkahawa kando ya kituo cha mafuta, duka la mchele maili kadhaa mbele, dobi mahali pengine, na chumba cha kukodi kanisani ambamo watoto walifundishwa lugha yao. Vimetawanyika, na vingi vimeshafungwa. Alitaka kuvisogeza vyote, mlango kwa mlango, viwe mtaa mmoja.

"Nimemaliza kila kitu," akasema. "Jiko la babu ndilo limenishinda. Tulipokuwa wadogo tulikatazwa kuingia. Mumeo hakuwahi kukuambia lilivyokuwa?"

"Mimi mwenyewe sikuingia hata mara moja."

"Najua. Niambie alivyokuambia."

Nikaanza kusema sijui, na huku nasema, nikajikuta nimesimama. Maana mume wangu alikuwa hawezi kusimulia habari ya kazini akiwa amekaa. Atasimama katikati ya jiko letu, atanyoosha mkono wa kushoto bila kutazama, chumvi hapa, atageuza kiuno, mafuta hapa, hatua moja nyuma, mlango wa barafu. Nikafanya hivyo hivyo mbele ya yule msichana. Naye akatoa penseli akaanza kuchora haraka haraka, anauliza, "Halafu? Halafu?" na mimi nageuka, napinda, nainama kukwepa bomba ambalo sijawahi kuliona kwa macho yangu. Nilikuwa nalijua jiko lile lote.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilikuwa kwenye gereji yake huko Minneapolis, nakata na kukunja. Sikujua kwamba mikono yangu ingeweza. Mtu anayekunja mashuka siku nzima ana namna yake ya kupata pembe, kumbe. Nilitengeneza majiko, mabomba, magunia ya mchele. Karai la mume wangu nililifanya peke yangu, kwa karatasi nyeusi, na nililirudia mara nyingi mpaka likakaa sawa.

Wifi yangu, dada wa marehemu, anayeishi mtaa wa Cedar-Riverside, hakunipa nafasi ya kupumua.

"Wifi, wacheza na makaratasi siku hizi? Tukununulie na mdoli?"

"Ni kazi ya sanaa."

"Sanaa! Na mwishowe wayachoma, nimesikia. Kaka yangu atumiwa moshi?"

"Hayachomwi. Ni ya maonyesho tu, watu wayaone."

Nilimjibu hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa, na ndivyo nilivyotaka. Watu kama mume wangu hawabakizi kitu. Chakula chake kililiwa, jiko lake likabomolewa. Mtaa ule wa karatasi ndio ulikuwa mahali pa pekee duniani palipoonyesha kwamba alikuwapo na alijua kazi. Niliutaka ubaki. Sikutaka kitu kingine chochote mwaka ule.

Maonyesho yalifunguliwa mwezi wa Machi, mwaka uliofuata. Nilivaa baibui langu jipya nikasimama ukutani. Watu waliinama kuchungulia milangoni, watu wazima, wameshika magoti. Mama mmoja wa Kichina alilitambua duka la mchele, akamwita mumewe kwa sauti mpaka kila mtu akageuka. Mwisho wa mtaa palikuwa na jiko letu, lina taa ndogo ndani, na karai limeinamishwa kama linarushwa. Nikamsikia mwanamume nisiyemjua akimwambia mwenzake, "Tazama hilo karai. Huyu aliyelitengeneza amewahi kumwona mtu akipika." Nikashindwa kukaa kimya. Nikasema, "Ni mimi!"

Baadaye msanii akanijia akanikamata mikono yote miwili. Watu wa makumbusho wameutaka mtaa wote, wauweke ndani ya kioo, daima. Tuliruka pale pale kama watoto, mimi na baibui langu.

Bibi yake alifika karibu na kufunga. Mjane wa yule mzee, mdogo wa mwili, ana mkongojo. Aliupita mtaa nyumba baada ya nyumba, na kwenye jiko akasimama sana. Akaligusa kidogo kwa mkongojo.

"Ndoo ya vitunguu ilikuwa upande huu," akasema. Kisha akamtazama mjukuu wake. "Mnachoma lini?"

"Bibi, hatuchomi. Makumbusho wanautaka."

"Mume wangu wamweke dirishani?"

"Bibi, si yeye, ni..."

"Umempikia chakula, umekiweka mezani, halafu umekipiga picha na kumwambia asile."

Akaondoka kuelekea mlangoni, na mjukuu akamfuata na koti lake.

Siku chache baadaye msichana akanipigia. "Anti, nitauchoma." Nikakata simu. Jumamosi nilikwenda hata hivyo, nikamwambia yote niliyokuwa nayo moyoni, kwamba akiuchoma, mume wangu hatakuwa na mahali pa kuonekana.

"Najua," akasema. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Tangu nianze kazi hii natengeneza vitu vinavyofanana na vya kwetu. Watu wanavipenda kwa sababu vinafanana. Hiki ndicho cha kwanza ambacho bibi amekitazama akaona ni chetu kweli. Nikiwapa hao wa makumbusho, kitarudi kufanana tu. Lakini jiko ni lako pia. Ukitaka kulitoa, litoe."

Sikulitoa, wala sikumwambia alichome.

Wachina huzuru makaburi mwanzoni mwa Aprili. Baada ya makaburini tulikusanyika nyuma ya nyumba ya bibi. Theluji chafu ilikuwa bado imejibanza kwenye uzio, mezani pana machungwa na kuku mzima wa kuchemsha, na katikati ya uwanja limewekwa pipa. Nilidhani nitalia. Lakini moto wa karatasi una haraka na una sauti, na bibi alikuwa anaamuru kama msimamizi wa mjengo: dobi kwanza, sasa mchele, hapana, usikunje, litie zima! Paa za nyumba zilikuwa zinainuka na kwenda juu zikiwaka. Nikajikuta na mimi nabeba, nakimbia, natia.

Likaja jiko. Nilikuwa nimelichomoa karai, nimelishika. Bibi akanyoosha mkono.

"Dini yetu haina hayo, mume wangu hapokei kitu kwa moshi," nikamwambia.

"Nani kasema ni la mumeo? Karai ni la mume wangu. Kalinunua kwa pesa yake. Mumeo kalitumia tu."

Nikacheka. Tangu Januari ile sikuwa nimecheka namna hiyo, tumbo likauma. Alikuwa amesema kweli tupu. Nikaligeuza karai ili nilitie, na chini yake nikaona maandishi ya penseli. Utotoni tulifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kuandika Bismillahi kabla ya kuanza kazi yoyote ya karatasi, na mkono wangu ulikuwa umeandika bila kuniuliza.

"Ngoja!" nikarudisha mkono. "Limeandikwa jina la Mungu."

"La Mungu wa nani?"

"Wa kwetu."

Bibi akauteremsha mkono wake. "Basi ondoka nalo, usinitie matatani na wa kwenu. Lakini mume wangu hawezi kuwa na jiko bila karai. Fanya jingine. Upesi, moto hauna subira!"

Tukakimbilia ndani, mimi na msanii. Hakukuwa na karatasi nyeusi. Tukachana mfuko wa karatasi ya kaki wa dukani, nikakata kwa mkasi wa kukatia kuku, nikakunja, yeye anashika pembe na kupaka gundi. Tukatoka nalo mbio.

"Hii sahani!" bibi akapiga kelele. "Mumeo alipikia sahani? Ongeza kina!"

Nikalisukuma katikati kwa ngumi, likaongezeka kina, akalipokea akalitupa. Likashika moto pande zote kwa mara moja. Bibi akalisogelea pipa, akaweka mkono kando ya mdomo, akaita kitu kirefu kwa Kichina, kwa sauti ya mtu anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Msichana akaanza kucheka huku anajifuta macho.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anamwambia babu mpishi haji, leo apike mwenyewe."