Shangazi na Uvimbe Uliorudi

Shangazi yangu anaua kunguni. Ndiyo kazi yake, mwaka wa ishirini sasa: pampu mgongoni, barakoa usoni na mdomo usio na breki. Amepuliza mabweni, nyumba za wageni, hata chumba cha mheshimiwa mmoja aliyeapa kwamba kwake hakuna kunguni huku akijikuna.

Uvimbe ulipomwota titini, alitundikiwa dripu za kuua seli za saratani. Ukasinyaa mpaka akaanza kuutukana. Baada ya miezi minane ukarudi, mgumu, na mwenzake kwapani. Daktari akataka kumchoma sindano upya, achukue kipande cha nyama akapime.

"Nyama mlishachukua," shangazi akasema. "Mnafungua bucha? Nipe dawa ileile, ila ongeza kipimo. Hutaki, narudi nyumbani nikafe na nywele zangu."

Nilikuwa nimekaa pembeni, mimi na shahada yangu. Nilitaka kuhutubia, lakini mwanamke huyu hahutubiwi. Nikamuuliza, "Shangazi, yule msimamizi wa bweni aliyetaka urudie dawa ileile mara ya tatu, ulimjibu nini?"

"Nilimwambia ni mjinga. Dawa iliua walegevu. Waliobaki ni wale isiowaweza, wakazaana wao kwa wao, bweni zima likawa ukoo wa sugu. Nikamwambia aniletee kumi walio hai kwenye chupa, niwajaribu kwanza. Mimi sipulizi kwa kubahati..."

Akanitazama kama aliyenikamata na mkono mfukoni mwake.

"Mshenzi wewe," akasema.

Daktari, binti wa umri mdogo mwenye macho ya usingizi, hakungoja. "Mama, nami nataka hao walio hai. Kile kipande cha kwanza kilituonyesha wale tuliokwisha kuwaua. Nikiwapima hawa, huenda nikajua dawa gani itawaweza."

"Huenda?"

"Huenda. Sikudanganyi."

"Afadhali. Anayeahidi kumaliza kunguni wote ni tapeli." Akaanza kufungua vifungo vya blauzi. "Haya, mtoto wa watu, choma. Na wewe msomi, geukia ukutani."

Nikageuka. Nikasikia ile sindano ya springi ya kuchukulia nyama ikifyatuka, tak! Kisha tusi ambalo siwezi kuliandika, kisha daktari akicheka na kumsihi atulie.

"Tayari, mama. Nimepata."

"Tayari nini? Na hawa wa kwapani?" shangazi akafoka. "Hawa huenda ni ukoo mwingine kabisa. Chukua na wao, usinifanyie kazi nusu."